Mwongozo kamili wa kii-signecha kwa anayejua solfa: namna ya kuipata Doh yako kwenye mistari mitano

Huu mwongozo nauandika kwa ajili ya wanakwaya na walimu wa kwaya waliokua na nota za doh re mi, zile za kuandikwa kwa mkono, juu kushoto pameandikwa Doh is G, halafu chini d : r | m : f na mambo yanaenda. Mtu kaimba hivo miaka kumi na tano vizuri kabisa, leo mtunzi anamtumia PDF kwenye WhatsApp, anafungua anakuta mistari mitano, vichwa vyeusi, na mwanzoni kabisa vialama vinne vimepangana kama ngazi, Doh is haipo popote. Anafunga simu, anasubiri Jumamosi mazoezini afundishwe kwa kusikiliza.

Mambo yamebadilika kwa sababu programu za kuandikia muziki kama MuseScore ni za bure sasa, mtunzi anaandika kwenye kompyuta, anaprinti stafu, yaani hiyo mistari mitano, moja kwa moja. Ila nataka ujue jambo moja kabla hatujaanza, maana ndo msingi wa kila kitu nitakachosema hapa: vile vialama vya mwanzoni ndo Doh is yenyewe. Kazi yake ni kukwambia doh inakaa wapi, ila inakwambia kwa lugha nyingine. Kwa hiyo wewe unayejua solfa hauanzi sifuri, umeshamaliza sehemu ngumu ambayo wanafunzi wengi wa piano wanahangaika nayo kwa miaka.

Tukubaliane majina kwanza. Kile kialama kama # nitakiita shapu, kinapandisha sauti nusu hatua. Kile kama b ndogo ni flati, kinashusha nusu hatua. Cha kufuta hivyo viwili ni nachuro. Kundi zima la shapu au flati linalokaa mwanzo wa kila msitari mara baada ya klefu (ile alama kubwa ya kwanza inayoonyesha kila msitari ni herufi gani) ndo alama za ufunguo, kwenye kwaya wengi tunasema tu kii-signecha, nami nitatumia yote mawili.

Hatua ya kwanza: elewa kwa nini hizo alama zipo

Usiruke hapa. Wengi wanakariri meza ya funguo bila kujua sababu na baada ya mwezi imeyeyuka yote.

Imba doh re mi fa so la ti doh polepole. Sikiliza mi kwenda fa, halafu ti kwenda doh. Unasikia zinavyobanana? Hizo mbili ni nusu hatua, nyingine zote ni hatua nzima. Huo mpangilio haubadiliki hata siku moja, uimbe juu uimbe chini, mi na fa ni majirani wa ukuta mmoja, ti na doh vile vile.

Sasa nenda kwenye kinanda. Angalia vitufe vyeupe: kati ya E na F hakuna cheusi, kati ya B na C hakuna cheusi, kwingine kote cheusi kipo katikati. Maana yake kwenye vitufe vyeupe vitupu nusu hatua ziko mahali pawili tu, E–F na B–C. Ukianza doh kwenye C, mi inaangukia E na fa inaangukia F, safi, ti inaangukia B na doh ya juu C, safi tena. Ndo maana ufunguo wa C hauna alama yoyote, vitufe vyeupe tayari vimekaa kama solfa inavyotaka.

Hamisha doh iwe G. Hesabu: G doh, A re, B mi, C fa, hapo B–C ni nusu hatua, poa. D so, E la, halafu F ingekuwa ti, lakini E kwenda F ni nusu na F kwenda G ni nzima, imekaa kinyume, ti imekaa mbali na doh yake. Piga hivyo hivyo uone, sikio lako litakataa lenyewe kabla hujafika juu. Dawa ni kuipandisha F nusu hatua, iwe F shapu, sasa ti inaikaribia doh kama kawaida. Hiyo F shapu itahitajika kila F inapotokea kwenye wimbo mzima, kwa hiyo badala ya mwandishi kuweka # mara themanini anaiweka mara moja mwanzoni, imeisha.

Fanya na F. F doh, G re, A mi, halafu B ingekuwa fa, lakini A kwenda B ni hatua nzima wakati mi–fa inataka nusu. Ishushe B iwe B flati. Ufunguo wa F una flati moja.

Umeona kilichotokea? Shapu ilikuja kuitengeneza ti. Flati ilikuja kuitengeneza fa. Shika hilo, tutalirudia.

Hatua ya pili: mpangilio wa shapu na flati

Alama hazipangwi ovyo. Shapu siku zote zinaingia kwa foleni hii: F, C, G, D, A, E, B. Ikiwa moja ni F lazima, zikiwa mbili ni F na C, zikiwa tatu F, C na G, hautakuta hata siku moja kii-signecha ya kawaida yenye G shapu peke yake. Flati ni foleni ile ile kinyumenyume: B, E, A, D, G, C, F.

Mimi wanakwaya wangu nawafundisha kwa maandamano ya kuingia kanisani. Fikiria saba wa sauti ya pili wamejipanga: Fatuma, Chausiku, Grace, Dorika, Anna, Ester, Beatrice. Wakiingia, Fatuma anatangulia, hizo ni shapu. Ibada ikiisha wanageuka pale pale walipo, Beatrice aliyekuwa nyuma anakuwa wa mbele: Beatrice, Ester, Anna, Dorika, Grace, Chausiku, Fatuma, hizo ni flati. Weka majina ya watu wa kwaya yako mwenyewe utayashika haraka zaidi.

Na ukae ujue hizo alama zinakaa wapi kwenye mistari maana nazo hazihami. Kwenye klefu ya G, ile ya soprano na alto, F shapu iko msitari wa juu kabisa, C shapu nafasi (uwazi ulio kati ya mistari) ya tatu kutoka chini, G shapu imekaa juu ya mistari yote, D shapu msitari wa nne. Flati: B msitari wa kati, E nafasi ya juu, A nafasi ya pili, D msitari wa nne. Kwenye klefu ya besi umbo ni lile lile ila limeshuka msitari mmoja, F shapu iko msitari wa nne badala ya wa tano. Watu wengi wanahesabu herufi upya kila mara, sio lazima, ukishajua foleni unahesabu idadi tu.

Hatua ya tatu: kuipata doh kwa sekunde mbili

Hapa ndo pa kukaa. Nimesema shapu inakuja kutengeneza ti. Kwa hiyo:

*Shapu ya mwisho, ile ya kulia kabisa, ni ti.* Panda nusu hatua, umefika kwa doh.

Shapu mbili: F, C. Ya mwisho C shapu, hiyo ni ti, doh ni D. Shapu tatu: ya mwisho G shapu, doh ni A. Shapu nne: D shapu, doh ni E. Hakuna hesabu nyingine.

*Flati ya mwisho ni fa.* Shuka fa, mi, re, doh.

Flati moja: B flati ni fa, A mi, G re, F doh. Flati mbili: ya mwisho E flati, shuka E, D, C, B, doh ni B, lakini B tayari ina flati kwenye orodha kwa hiyo doh ni B flati. Kuna njia fupi ya hapa, flati ya pili kutoka mwisho ndo doh yenyewe. Flati tatu, B, E, A, ya pili kutoka mwisho ni E flati, basi doh ni E flati. Flati nne ni A flati. Flati tano D flati. Flati moja peke yake haina ya pili, hiyo ikariri tu kwamba ni F.

Hapo kwenye flati naomba uwe makini kwa sababu kosa lake nalijua kwa kulifanya. Mwaka wa kwanza naongoza kwaya nilipewa wimbo wa flati tatu, ubeti wa kwanza unaimbwa bila kinanda. Nikachukua sheria ya shapu nikaichanganya na ya flati, nikaona A flati ni ya mwisho nikasema basi doh ni A flati, nikatoa sauti. Wimbo ule ulikuwa unapanda mpaka doh ya juu. Soprano walipofika pale sauti zikakatika, wengine wakashuka oktavu, besi wao wakawa wanaimba raha tu hawajui kinachoendelea, halafu kiitikio mpiga kinanda akaingia na E flati yake iliyo sahihi na sisi tuko juu yake kwa umbali wa doh mpaka fa. Kanisa zima lilisikia. Wale kina mama wa sauti ya kwanza hawakukosea chochote, waliimba walichopewa, kosa lilikuwa langu la kutozisoma alama tatu sawasawa, na tangu siku ile sitoi sauti kabla sijaandika doh kwa penseli pale juu kushoto.

Shapu zikiwa nyingi kuna jambo moja dogo. Shapu sita, ya mwisho ni E shapu, kwenye kinanda hicho ni kitufe cha F, panda nusu hatua unafika F shapu, na doh inaitwa F shapu sio F, kwa sababu F iko kwenye foleni. Shapu saba doh ni C shapu. Ila kwaya zetu hizo utakutana nazo mara chache sana, usizikeshee.

Hatua ya nne: geuza mistari iwe solfa

Umepata doh, sasa usome. Watu wengi wanafanya kosa la kutaja herufi kwanza, "hii ni A, kwenye D, A ni so, kwa hiyo so", akimaliza kufikiri wenzake wako baa ya tano (baa ni kipande kati ya vistari viwili vya kusimama). Usipite kwenye herufi. Weka kidole kwenye doh halafu angalia umbo.

Siri ni hii: doh, mi na so zinakaa familia moja. Doh ikikaa kwenye msitari, mi na so ziko kwenye mistari miwili inayofuata juu yake. Doh ikikaa kwenye nafasi, mi na so ziko kwenye nafasi mbili zinazofuata. Doh ya juu ndo inabadilisha upande, kama ya chini iko kwenye msitari ya juu itakuwa kwenye nafasi.

Chukua flati tatu, doh E flati, klefu ya G. E ni msitari wa chini kabisa. Basi msitari wa kwanza doh, wa pili mi, wa tatu so, na doh ya juu iko nafasi ya nne. Ukiona vichwa vitatu vimepanda kwenye mistari mitatu ya chini unaimba doh mi so bila kufikiri, hauhitaji hata kukumbuka kwamba ile ya tatu ni B flati, solfa imeshakufanyia hiyo kazi.

Sasa shapu mbili, doh D. D iko chini tu ya msitari wa kwanza, imening'inia. Mi ni nafasi ya kwanza, so nafasi ya pili, doh ya juu msitari wa nne, na ti iko chini yake kidogo, nafasi ya tatu. Ukikuta nota zinapanda nafasi, nafasi, nafasi, halafu zinaruka msitari wa nne, zinashuka moja moja, hiyo ni doh mi so doh ti la so. Imba. Ndo umesoma stafu.

Mazoezi yake: chukua wimbo mmoja tu unaoujua kwa kichwa, uwe na stafu yake, tafuta doh, halafu uimbe kwa solfa huku kidole kinafuata nota. Dakika kumi kila siku na wimbo huo huo mpaka macho yazoee, kesho kutwa badilisha uchukue wa ufunguo mwingine. Usianze na wimbo mpya, utakuwa unapigana vita mbili.

Hatua ya tano: doh au la?

Kii-signecha moja ina nyumba mbili. Shapu moja inaweza kuwa G meja au E maina, na maina kwa mtu wa solfa ni wimbo unaopumzikia kwenye la badala ya doh. Doh ikiwa G, la yake ni E. Doh ikiwa C, la ni A. Solfa yako haibadiliki, nyumba tu ya kurudi ndo imebadilika.

Utajuaje? Angalia nota ya mwisho ya besi. Ikiishia doh ni meja, ikiishia la kwa kawaida ni maina. Ushahidi wa pili ni se, ile so iliyopandishwa. Ukiona katikati ya wimbo wa shapu moja pana D shapu zinajitokeza mara kwa mara, D pale ni so, D shapu ni se, na se inaivuta la kama ti inavyoivuta doh. Nyimbo nyingi za Kwaresma ziko huku.

Alama za njiani

Shapu, flati au nachuro inayotokea katikati ya wimbo inafanya kazi mpaka baa iishe tu, na kwa nota ile ile ya ngazi ile ile. Baa mpya, sheria ya mwanzoni inarudi. Lakini alama za ufunguo zenyewe zinashika F zote, za juu na za chini, hata kama alama imechorwa msitari wa juu peke yake. Wanafunzi wanalisahau hili kila mara, wanapiga F ya juu kwa shapu, ya chini wanaiacha tupu.

Na alama za njiani wewe unazijua tayari kwa majina. Fa ikipandishwa ni fe, mara nyingi wimbo unaelekea kuhamia kwenye so. Ti ikishushwa ni ta, unaelekea kwenye fa. Kuwa macho hapa: kwenye ufunguo wa B flati fa ni E flati, kwa hiyo fe itaandikwa kwa nachuro, haitakuwa na # yoyote, lakini bado imepandishwa. Ukiona katikati ya wimbo msitari mara mbili halafu kundi jipya la alama, tafuta doh upya, ya zamani imekufa.

Maneno mawili kwa wapiga kinanda na tarumbeta

Wapiga kinanda wengi tunajifunza C na F, basi, kingine chote tunabonyeza kitufe cha kutranspozi, kile cha kuhamisha ufunguo. Siku moja moja kinaokoa, sikatai. Ila ukikitegemea, nota iliyo mbele yako inasema A flati, vidole vinapiga C, mwalimu akiuliza "hapo baa ya nane ni nini?" mnaongea lugha mbili. Ongeza ufunguo mmoja kila mwezi, anza G, halafu B flati, D, E flati. Kwa mwaka mmoja umemaliza zote zinazotumika kanisani na muda unabaki.

Tarumbeta ya B flati inatoa sauti hatua nzima chini ya ilivyoandikiwa, kwa hiyo kama nota zake zimeandikwa kwa mtindo huo, kii-signecha yake haifanani na ya kwaya. Kwaya ikiwa E flati, yeye ataona F, flati moja. Kwaya ikiwa F, yeye ataona G, shapu moja. Msigombane kwenye mazoezi, wote mko sahihi.

Na wa taarabu wakisoma hapa wasishangae, kwenye maqam (mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu) kama Rasti ya C utakuta E na B zina flati yenye kikwaruzo, maana yake imeshuka robo tu na sio nusu. Sheria ya fa na ti niliyotoa hapa haifanyi kazi kule, ile ni elimu ya peke yake na inataka mwalimu wake.

Haya, karatasi na penseli. Usitazame meza yoyote. Moja, shapu tano, doh ni ipi? Mbili, flati nne, wimbo unaishia la, la hiyo ni herufi gani? Tatu, kwenye klefu ya G yenye flati moja, nota iliyo msitari wa kati unaiimbaje? Nne, kwaya iko B flati, tarumbeta ya B flati ataona nini?

Majibu: B, maana shapu ya mwisho ni A shapu na hiyo ni ti. F, maana doh ni A flati na la yake ni F. Fa. Hataona alama hata moja, yeye yuko C.